Ndege Isiyotua Njiani

Siku niliyosikia redioni kwamba sasa kuna ndege ya moja kwa moja hadi mji anaokaa binti yangu, nilifunika cherehani mchana kweupe, wateja nikawaambia waje kesho. Mmoja alinuna. Na anune.

Tangu tulipomzika mama yake, miaka minne sasa, mtoto huyo hajatia mguu nyumbani. Kila nikimuuliza, jibu ni lilelile: safari ndefu, ndege za kuunganisha mbili, na mwanawe mdogo akianza kulia uwanjani hanyamazi. Nilimwamini. Mimi mwenyewe nikienda kununua vitambaa tu narudi kichwa kinanigonga.

Nikaenda ofisi ya tiketi. Ukutani wametundika ramani ya dunia, na mimi siwezi kuona urefu nikauacha bila kuupima. Nikavua tepu shingoni, nikainyoosha kutoka mji wetu hadi mji wake.

"Mzee, ndege haipiti hapo," akasema dada wa kaunta, akizuia kicheko. "Inapanda juu huku, halafu ndiyo inashuka."

"Izunguke kwa nini? Mafuta wanapewa bure?"

Akashusha tufe la dunia kutoka juu ya kabati, akalipangusa vumbi. Nikalaza tepu juu yake, nikaikaza. Ikajipandia yenyewe hukohuko juu alikosema. Nikafyata mkia. Miaka yote hii napima watu, najua kabisa kwamba bega halipimwi kama meza, halafu naja kuaibika mbele za watu kwa sababu ya ramani bapa ya ukutani!

"Ni kilomita elfu tisa na ushee," akasema. "Ukilala, ukiamka umefika."

Elfu tisa nikaziona si kitu. Nikatoka nje, nikampigia binti yangu simu palepale kwenye ngazi, jua la utosi.

"Mwanangu, shida imekwisha! Hakuna kuunganisha tena. Unapanda huko, unashuka hapa."

Nikadhani mtandao umekatika, nikaanza kupiga kelele za haloo, haloo, hadi mlinzi akageuka.

"Nakusikia, baba. Nilijua tangu mwezi uliopita."

"Ulijua?" Hasira zikanipanda. "Sasa unangoja nini? Wakujengee uwanja hapa mlangoni kwangu?"

Hakucheka. Nikasikia anavuta pumzi kwa shida, nikajuta kutania.

"Siyo ndege, baba. Siwezi kuingia nyumba hiyo na mama hayumo. Nikifikiria tu mlango wa jikoni, miguu inakufa ganzi. Nilikuwa nasingizia safari."

Nilitaka kumkaripia. Nilikuwa na maneno mengi, tena makali. Miaka minne nimekaa na kununia viwanja vya ndege vya watu ambavyo havijanikosea kitu. Lakini nilipofungua mdomo, yale makali yote sikuyaona.

"Hata mimi siwezi, mwanangu," nikasema. "Ila mimi nalala humo."

Akaangua kilio. Nami nikasimama pale kwenye ngazi na simu sikioni, watu wakinipita kulia na kushoto, nikimsikiliza akilia, na hakuna kati yetu aliyetaja tena habari za ndege.