Shahidi wa Mwezi

Mtaani kwao, Shinyanga mjini, Ramadhani haikuingia mpaka Mzee Abdulshakur aseme ameuona mwezi. Redio itangaze isitangaze, watu walimngoja yeye. "Yule ana macho!" walisema. Kumbe miaka miwili mfululizo hakuuona. Alikuwa akikodoa macho magharibi, akikawia kidogo ili kazi ionekane, kisha akinyoosha kidole. Hakuna aliyewahi kumbishia.

Shaaban ishirini na tisa, kliniki ya kisukari ikamwita kupimwa macho. Mwaka uliotangulia aliitwa akaugua ghafla. Safari hii mkewe, Bi Tabu, alimshika mkono hadi mlangoni. Mzee alikwenda roho juu: ikijulikana haoni, habari zitafika msikitini kabla yake, na ushahidi wa mwezi atapewa Muhidini muuza kanzu, ambaye hata miwani yake huitafuta kwa kupapasa.

Kwenye foleni akaona njia. Mbele yake alikuwa Herman, mchimbaji wa zamani wa dhahabu huko Runzewe, aliyezoea kupaza sauti kuzishinda kelele za mashine za kusaga mawe. Nyuma ya pazia alisomeshwa herufi za ukutani, na jengo zima likasikia. Mzee akazikariri zote. Zamu yake ilipofika akazishusha mstari kwa mstari bila kupumua.

Nesi Generosa akaweka kalamu chini. "Babu, bado sijakuambia ufunike jicho lipi."

"Yote mawili yanaona, binti yangu."

"Na makosa yako matano ndiyo matano ya yule baba aliyetoka. Hata R aliyoiita K." Nesi hakucheka, ingawa tabasamu lilimponyoka kidogo. "Huu si mtihani, babu. Hakuna anayefeli."

Akamtia matone. Yakawasha kidogo, na baada ya nusu saa kila kitu cha karibu kikawa ukungu, mwanga wa dirishani ukamchoma. Akaambiwa aweke kidevu kwenye kamera, atazame taa ya kijani, asipepese. Mwanga ukapiga jicho la kulia, kisha la kushoto. Hakikuuma kitu, isipokuwa aibu.

"Kamera haijui kukariri," Generosa alisema, akimwonyesha Bi Tabu picha: duara la rangi ya chungwa lenye vidoa vyekundu. "Mishipa inavuja damu ndani ya jicho. Iko tiba ya mwanga, ya kuzuia macho yasizidi kuharibika. Yaliyokwisha kupotea siahidi kuyarudisha. Jumatatu mje, na babu atuambie kweli anaona kiasi gani. Leo asiendeshe hata baiskeli; ukungu utamkaa mpaka jioni."

 Njiani Mzee aliogopa, na safari hii hakumwogopa Muhidini. Aliogopa giza.

Jioni watu walijaa uwanja wa msikiti, nyuso magharibi.

"Umeuona, Mzee?"

"Sijauona."

Minong'ono ikapita. Muhidini, kwa wema wake, akamfungulia mlango wa kutokea: "Ni dawa tu ya hospitali. Kesho ataona."

Mlango ulikuwa mpana, na Mzee aliutamani.  "Dawa nimetiwa leo. Mwaka jana nilitiwa nini? Sikuuona. Wala mwaka juzi."

 Muhidini akavua miwani, akaipangusa kwa kanzu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Basi na mimi niseme. Mimi niliuona kwa sababu wewe uliuona." Aliyesimama nyuma yake akakiri vivyo hivyo, na wa nyuma ya huyo pia. Watu wazima, kanzu zimepigwa pasi, wakawa wanatazama ndara zao.

Ndipo sauti ya Bi Tabu ikatoka upande wa wanawake. "Ule pale, juu ya paa la ghala la pamba. Mwembamba, lakini upo. Mwaka jana mlipouona nyote, haukuwapo."

"Mbona hukusema?" Muhidini akauliza.

"Nani aliniuliza?"

Mzee akageuka alikoelekeza mkewe. Kwake kulikuwa na wekundu wa jioni tu, na ukungu. Akautafuta mkono wa Bi Tabu mpaka akaupata.

"Jumatatu," akasema, "tunatakiwa saa ngapi?"