Keria ya Muzamiru

Jumamosi asubuhi Rashidah aliiegemeza baiskeli yake mbele ya duka la Tejas, mjini Jinja, akaomba pampu. Tejas, anayeuza spea katika duka la babu yake, aliitazama baiskeli kuanzia mbele hadi nyuma, kisha akaenda kuchukua spana.

"Dada, toa hii keria," alisema. "Hakuna mtu anaenda mashindano na kiti ya abiria."

"Wacha ikae."

"Hii chuma nzito. Utafika wakati wengine wamekula, wameoga, wamelala."

"Iache, Tejas."

Tejas akairudisha spana, akamwachia Mungu. Juu ya keria kulikuwa na mto mwekundu uliowahi kuchanwa kwa kisu, ukashonwa kwa uzi mweusi. Baiskeli ilikuwa ya Muzamiru, mdogo wake Rashidah, aliyekuwa akibeba abiria kati ya Nalufenya na Mafubira. Karibu na uchaguzi alimbeba abiria mwenye mabango. Likaja gari lisilo na namba, lile ambalo watu huliita droni. Abiria akaruka na kukimbia, Muzamiru akabaki ameshika breki kama mtu mwenye adabu. Baiskeli ilirudi nyumbani, mwenyewe hakurudi. Mama yao, Hadijah, alinunua sanda akaiweka chini ya godoro, na tangu siku hiyo akawa hana mtoto wala hana matanga. Hilo lilimuuma Rashidah kuliko kifo chenyewe. Alitaka mwili. Alitaka ndugu yake aoshwe, aswaliwe, azikwe, basi.

Alianza kukimbia alfajiri kwa sababu akikaa nyumbani alikuwa anavunja vyombo. Kukimbia kukamfikisha kwenye triathloni fupi: unaogelea, unaendesha baiskeli, unakimbia, yote kwa mkupuo mmoja, na kiingilio unalipa mwenyewe.

Mashindano yake ya kwanza yalikuwa Mbale, kwenye bwawa la hoteli. Huko alijifunza kwamba mgeni hasimami katikati. Filimbi ilipolia, mtu mmoja alimkanyaga bega, mwingine akampiga kiwiko cha pua, na wa tatu, mwalimu wa shule ya Jumapili, akamvuta mguu chini ili apite juu yake. Maji yakageuka rangi ya chai na watu wakaendelea kuogelea. Alijifunza pia kuviacha viatu vikiwa vimefunguliwa kamba, na kutokula matoke asubuhi ya mashindano. Mpuliza filimbi, Afande Geresom, mwanajeshi mstaafu mwenye kampuni ya walinzi kule kwenye viwanda vya Mbale, alimpa leso afute pua.

"Wewe iko na moyo," alimwambia. "Kuja Jinja."

Akaja mashindano ya Jinja, mjini kwao, Jumapili, kesho yake baada ya kupita dukani kwa Tejas. Waliogelea Nile, pale mto unapotoka ziwani, ndani ya kamba yenye madebe yanayoelea. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, lakini hakuna anayekulazimisha kuyaoga katikati ya wehu. Rashidah alisimama pembeni. Afande Geresom alipopuliza filimbi, katikati walianza kuumizana kama kawaida, mtu mmoja akatolewa na mashua taya limehama. Pembeni kulikuwa na utulivu mpaka mkono ulipomshika kifundo cha mguu. Alidhani ni yule mwalimu. Akarusha kisigino, kikampata mtu usoni, akasikia kitu kikivunjika. Akarusha cha pili.

"Dada, wacha kunipiga," alisema Muzamiru. "Mimi wamepiga ya kutosha."

Mikono yake ilikuwa imefungwa pamoja kwa waya. Kucha hazikuwepo, na samaki walikuwa wamekula sikio moja. Rashidah alimtazama na kuona aibu kwa vile visigino.

"Shika mguu vizuri," alimwambia. "Kuna wengine?"

"Wengi. Lakini ndugu zao hawajui kuogelea."

Akamvuta hadi ufukoni. Kwenye uzio walikoacha baiskeli zao Tejas alikuwa akisubiri na vifaa vyake. Alimsalimia Muzamiru, akaukata ule waya kwa koleo na kuutia mfukoni, maana waya ni waya. Muzamiru akakaa juu ya mto wake mwekundu. Msimamizi wa uzio, msichana aitwaye Brendah, aliinua kibendera.

"Abiria hapana," alisema.

"Si abiria. Alikufa."

Brendah alifikiri. Sheria ilimkataza mshindani kusaidiwa, na huyu hakuwa akisaidia chochote, alikuwa mzigo tu. Akawapisha.

Barabara ya Mafubira ilikuwa na jua kali. Muzamiru alisimulia mgongoni mwa dada yake kwa sauti ya mtu anayeeleza safari. Watu wa ile droni walimpeleka Mbale, kwenye ghala tupu. Walimpiga nyayo kwa nyaya za umeme. Jina la yule abiria hakulijua, kwa hiyo hakuwa na la kusema, nao wakaona ni jeuri, wakaanza kung'oa kucha. Alipokufa wakaja kumtupa mtoni.

"Afande alikuwa na filimbi," alisema. "Akipuliza, wanapiga. Akipuliza tena, wanapumzika. Leo nimeisikia huko chini, ndiyo nikaamka."

Rashidah alikanyaga pedali kwa hasira hadi akasahau kona. Mwendesha baiskeli mmoja aliyekuwa na haraka akamsukuma kwa bega, wakaanguka wote wawili kwenye kokoto. Goti la Rashidah likachanika, na mfupa wa mkono wa Muzamiru ukatokeza nje ya ngozi. Aliurudisha kwa kidole kama mtu anayechomekea shati. Wakapanda tena.

Mbio za mwisho walikimbia pamoja. Nyayo za Muzamiru zilikuwa zimepasuka, zikaacha maji na damu kwenye lami, na waliokuja nyuma wakaziruka wasiteleze. Kwenye utepe wa mwisho alisimama Afande Geresom, medali mkono mmoja, fimbo mkono wa pili. Alimtambua mara moja.

"Muzamiru. Wewe ulikuwa mtu mbishi."

"Ndiyo, afande."

"Wapi namba yako?"

"Sina."

Geresom akampiga fimbo ya mtulinga. Mfupa ulilia, na watu waliokuwa wakinywa soda wakaendelea kunywa. Rashidah akaichomoa pampu ya baiskeli aliyoichomeka mkandani kule kwenye uzio, akampiga Geresom mdomoni, akampiga tena aliposhika mdomo. Walinzi wa kampuni walimwangusha, wakampiga mateke ya tumbo na ya uso hadi jino likatoka. Kisha wakamsimamisha na kumsomea sheria: anayempiga afisa wa mashindano hufutwa. Akafutwa.

Jumatatu wakaenda polisi. Askari wa zamu aliwasikiliza vizuri, hata akawapa benchi.

"Mnasema kijana alipotea," alisema. "Si huyu hapa?"

"Aliuawa," alisema Rashidah.

"Kama aliuawa, leta maiti. Huyu ananitazama."

Wakaenda msikitini. Sheikh alisikitika kwa dhati, lakini akasema hawezi kumswalia mtu anayeitikia salamu. Ikabidi warudi naye nyumbani. Hadijah alilia kwa mara ya kwanza tangu mwanawe achukuliwe, kisha akamuuliza kama amekula. Muzamiru hakuwa akila, ila alikuwa akichuruzika maji usiku na mchana, yakilowesha mikeka. Baada ya wiki Hadijah aliitoa ile sanda chini ya godoro, akaikata vipande, akawa anamfutia.

Msimu uliofuata mashindano yalirudi Jinja. Tejas alikuwa ameuza keria zote dukani na kuagiza nyingine Kampala. Ndani ya uzio baiskeli zilipangwa safu kwa safu, karibu kila moja ina mto nyuma: mwekundu, wa maua, mwingine umetengenezwa kwa kanga ya mtu. Washindani walitoka Iganga, Mbale, Tororo. Wengi walikuwa wanawake wa makamo waliojifunza kuogelea mwezi huohuo, na hofu ilikuwa imewajaa machoni.

Rashidah alipita kati yao akiwaonyesha pa kusimama.

"Kaeni pembeni," aliwaambia. "Mkono ukikushika mguu, usipige teke."

Afande Geresom, mwenye meno mapya, alizikagua baiskeli. Alibonyeza mto mmoja kwa ncha ya fimbo, akabonyeza na wa pili, akatikisa kichwa juu ya watu wasiojua michezo. Kisha akashuka ukingoni, akatazama saa, akaweka filimbi mdomoni na kupuliza.