Paa Lisilovuja

Mume wangu Delmar hataki hata kusikia habari za kufunga kofia za plastiki za kukinga mvua juu ya matundu ya hewa, kwenye paa la trela yetu, kijumba cha magurudumu tunachosafiri nacho. "Nitoboe paa lisilovuja kwa skrubu? Nina wazimu mimi?"

Jana, kwenye kambi ya trela huko Oregon, Marekani, joto lilituzidi, tukafungua tundu lililo juu ya kitanda. Mimi nikaenda kuoga. Yeye, kama wanaume wote wa kambini, akaenda kukagua trela za watu. Mvua ikamwagika. Nilirudi mbio nikakuta godoro chapachapa, naye yuko chini ya turubai la jirani, bia mkononi, anamhubiria ubaya wa kofia!

"Delmar, kitanda kimelowa!"

"Sasa mpenzi, si ungefunga tundu?"

Mimi, mwenye sabuni machoni? Nikautupa mto wake katikati ya dimbwi la godoro.

"Lala hapo, bwana wee. Paa lako halivuji."