Kura ya Kupiga Marufuku Msukumo

Gerald Wojcik hakuwa mtu wa kinyongo. Kwa miaka mingi alikuwa akiwafundisha wanaume wazito kuliko majokofu jinsi ya kuinama na kusukuma, na wote walimpenda. Lakini ukitaja jina la Lamont Threadgill mbele yake, uso ulimkunjamana kama mtu aliyeng'ata limau.

Wawili hao walianza kazi pamoja, makocha wasaidizi wa mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na kugongana, katika ligi ndogo ya kulipwa huko Ohio, ligi ambayo siku hizi haipo tena. Walilala chumba kimoja na kula sahani moja. Jumapili moja ya mvua timu yao ilihitaji kusogeza mpira nusu yadi tu ili ishinde. Lamont akasema, "Mrushaji wetu asirushe kitu. Ashike mpira, ajibanze nyuma ya mtoa mpira, halafu wawili wamsukume makalio mpaka apite."

Gerald alicheka mpaka akakohoa. "Huo si mpira, bwana. Huko ni kukwamua gari kwenye tope."

Kocha mkuu alimsikiliza Gerald. Wakatumia mbinu nyingine, wakashindwa.

Sasa Lamont alikuwa kocha mkuu wa Toledo, kwenye ligi kubwa, na msukumo wake haukuzuilika. Timu zilijua unakuja, uwanja mzima ulijua, na bado ulipita. Watoto waliuigiza mashuleni. Gerald alikuwa Milwaukee, kocha wa safu ya mbele kama alivyokuwa miaka kumi na moja iliyopita, na kila Jumapili siri ile ya nusu yadi ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Siku hizi hakuna aliyekumbuka kwamba yeye ndiye aliyeucheka. Lamont peke yake ndiye aliyekumbuka.

"Lamont kapendeza kwenye hii picha," mkewe Arlene alisema Ijumaa moja wakila samaki wa kukaanga, gazeti likiwa limeegemea chupa ya siki. "Hazeeki huyu."

"Amepakwa poda," Gerald akasema.

Arlene akamwangalia juu ya miwani. "Gerry, mtu akikuona atadhani huyu kakuibia mke."

Basi, majira ya kuchipua yalipofika na wamiliki wa timu walipoamua kupiga kura ya kuupiga marufuku msukumo, Gerald aliona mlango umefunguka. Mmiliki wa Milwaukee, Bi. Henrietta Brandt, aliutaka uondoke. Alihitaji mtu wa kuwaeleza wenzake kwamba unaumiza wachezaji.

"Una ushahidi?" akamwuliza Gerald alipojitolea.

Ushahidi hakuwa nao. Alikesha na mikanda ya mechi wiki nzima, akahesabu majeruhi, na majeruhi hawakuwepo. Msukumo ulikuwa mbaya kuutazama, lakini haukuwa na hatari kuliko mbinu nyingine. Ndipo akamkumbuka Tavita Leota, mtoa mpira wake, yule wa katikati anayempa mrushaji mpira, kijana wa Kisamoa aliyemlea tangu akiwa hajui hata kuweka miguu. Tavita aliumia shingo Novemba na kukosa mechi tano. Aliumia mazoezini, wakati ambao hakuna aliyekuwa akimsukuma mtu. Lakini jioni ile ile walikuwa wamejaribu msukumo mara mbili, kabla hajaumia.

"Ninaye mmoja," Gerald akamwambia Bi. Brandt.

Mkutano ulikuwa Florida, katika hoteli ya ufukweni. Asubuhi ya kura, Gerald alikuwa anakula mayai peke yake Lamont alipovuta kiti na kuketi bila kukaribishwa, kama zamani.

"Mzee Wojcik. Arlene hajambo?"

"Hajambo."

"Nasikia leo utanisulubu." Lamont alitabasamu, akachukua kipande cha mkate kwenye sahani ya Gerald. "Sawa tu. Wakiukataza nitabuni kingine. Unajua kila mwandishi anayeniuliza ulikotoka msukumo namwambia tulikuwa wawili siku ile? Hawaandiki, lakini nawaambia."

"Unawaambia nilicheka?"

"Nawaambia tulikuwa wawili."

Kama angemtukana, Gerald angepumua. Wema ule ulimchoma kuliko ushindi wote wa Toledo. Hata kwa fadhila, mtu huyu alikuwa amemzidi. Aliuacha mkahawa kwa hasira, na alipoitwa mbele ya wamiliki thelathini na wawili alisema yote, tena kwa sauti nzito. Akasema kuhusu shingo ya Tavita na ile misukumo miwili ya jioni ile. Akasema kuhusu mama yake Tavita aliyelia hospitalini, na hilo lilikuwa kweli.

Mzee mmoja, mmiliki wa timu ya kusini, akainua kalamu.

"Kocha, pole kwa kijana. Aliumia katika msukumo wenyewe?"

Lamont alikuwa ameketi safu ya tatu. Hakuinua kichwa. Alikuwa anaangalia mikono yake, kama mtu anayeona aibu kwa niaba ya mwenzake, na Gerald akaona kwamba Lamont alikwisha kujua ukweli.

"Hapana," Gerald akasema. "Aliumia kwenye mazoezi ya kawaida. Msukumo ulikuwa umekwisha."

Bi. Brandt alifumba macho. Zilihitajika kura ishirini na nne. Zikapatikana ishirini na mbili. Msukumo ukabaki.

Habari zilifika Milwaukee kabla ya ndege ya Gerald. Siku ya pili alikwenda nyumbani kwa Tavita, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Kijana alimfungulia akiwa na kitambaa cha jikoni begani. Hakumkaribisha mara moja.

"Kocha, mama alikisikia redioni," akasema. "Kilio chake. Kwenye redio."

"Nimekuja kuomba radhi. Kwako na kwake."

"Ungeniuliza. Ningekwambia usiseme, lakini ungeniuliza."

"Najua."

Walikaa ngazini. Tavita alikunja na kukunjua kile kitambaa. Mwisho akauliza, "Yule Threadgill alikufanya nini hasa?"

"Alikuwa sahihi," Gerald akasema. "Mara moja tu. Nami nilicheka mbele za watu."

"Basi?"

"Basi."

Tavita akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza akacheka kidogo. "Mkataba wangu ulipokwisha, alinipigia simu mara mbili. Alitaka niende Toledo niwe mtoa mpira wake. Nikamwambia nina kocha wangu. Akasema ananielewa, kwamba angekuwa mimi naye angebaki."

Maneno hayo yalikuwa zawadi, na Gerald alijua ni zawadi. Kijana alikuwa amemchagua yeye. Lakini kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa furaha.

"Mara mbili?" akauliza. "Hakuniambia."

"Kocha," Tavita akasema taratibu, akiinuka, "ingia ndani umwombe mama radhi. Huyo mwingine mwache Toledo."

Gerald akavua viatu, akaingia.