Wanaoukata Mzizi

Mlango wa maabara ulifunguliwa bila hodi, akaingia mwanamume mpana wa mabega, nywele zimejaa chembe za sponji ya manjano.

"Habari za kazi, dada. Mimi ndiye Nanasi."

Mtafiti kijana, ambaye wenzake walimbandika jina la Mama Bakteria, aliweka chini chupa aliyoishika. Kwa miezi alikuwa akilea bakteria wa matumbo ya watu asiowajua. Kila aliyetoa kinyesi chake kwa utafiti alipewa jina la tunda, ili siri yake ibaki siri. Palikuwa na Embe, Papai, Zabibu na wengineo. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja tunda litapanda ngazi limsalimie.

"Umekuja kujitoa?" aliuliza. Kila mtu alikuwa na haki ya kudai chake kimwagwe.

"Nijitoe niende wapi? Nimekuja kuwaona wanangu."

Mgeni alikuwa fundi makochi. Yeye na mama yake walikuwa wakinywa maji ya jinsengi, mzizi mchungu walioununua kwa tabibu wa Kichina na kuuchemsha nyumbani. Alipomwambia mama kwamba hata bakteria wa tumboni mwake yeye fundi wanalishwa mzizi uleule huku maabara, mama alicheka hadi akashika mbavu.

"Ananiambia tumboni mwangu hamna kitu ila njaa," fundi alilalamika. "Nataka aje ajionee. Wakiwa hai, lakini. Ukimwonyesha maiti atasema ni vumbi."

Mama Bakteria aliangua kicheko. Hakuna aliyewahi kuja kuwaulizia wale viumbe kama mtu anayeulizia watoto shuleni.

"Mlete alasiri. Nitawaonyesha wakiwa hai."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Fundi akaondoka akipiga mluzi, naye Mama Bakteria akarudi kazini mwepesi kama unyoya. Swali lake lilikuwa moja. Uchungu wa jinsengi umo katika chembe kubwa ambazo utumbo hauzipokei kirahisi. Ni bakteria wanaozikatakata. Je, bakteria wa kila mtu wanaweza kukata? Aliwafuga wa kila tunda katika chupa mbili pacha, zimezibwa kwa mpira, zimejazwa gesi isiyo na oksijeni, maana hao hewa yetu huwaua. Kisha alidondosha majimaji ya kila chupa kwenye kibao cheupe na kukisimamisha kwenye dawa inayopanda juu yake ikibeba madoa. Mzizi usiokatwa huacha doa chini. Uliokatwa, doa lake hupanda.

Asubuhi ile alimulika kibao kwa taa ya buluu. Embe, chini. Papai, chini. Zabibu, chini vilevile. Nanasi lilikuwa limepanda karibu na ukingo wa juu, liking'aa.

Alipiga kigelegele peke yake. Alicheza kutoka kwenye friji hadi kwenye sinki, na kwa furaha ile akafanya kosa ambalo hulifanya tu mtu aliyenusa mizizi kwa miezi mingi: aling'oa kizibo cha chupa ya Nanasi ili asikie kama harufu ya uchungu imekwisha. Alichosikia ni uvundo. Halafu akakumbuka hewa.

"Jamani! Nimewaua!"

Alijicheka, nusura alie. Ilibaki chupa pacha, ambamo alikuwa akichota kila siku hadi pakabaki kidogo tu chini.

Simu ikalia. Alikuwa Kaka Mashine, msimamizi wa mtambo wa kuwatenganisha bakteria mmoja mmoja. Kwa mtambo huo angejua ni nani hasa, katika kundi zima, aliyeshika kisu.

"Mama Bakteria, una bahati wewe! Mtu ameghairi, njoo jioni hii. Ukikosa, foleni ni hadi mwezi ujao. Umebakiwa na kiasi gani?"

Alimwambia.

"Kidogo hicho! Leta chote, walio hai tu, usipunguze hata tone."

Aliketi kwenye kiti kirefu, chupa mbili mbele yake. Angeweza kuwaonyesha wale waliokufa. Chini ya hadubini nao wanaonekana, na mama yule hangejua tofauti. Lakini yeye angejua. Alikuwa amesema wakiwa hai.

Alasiri sauti ilitangulia kutoka kwenye ngazi. "Lifti mbovu, magoti mabovu, na wewe unanipandisha nije kuangalia choo chako!"

"Si choo, mama, ni sayansi."

Mama wa fundi aliingia akihema, amevaa viatu vyake vya sherehe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, hao wapangaji wako wapi?"

Mama Bakteria aliinua chupa. Mama akakunja uso. "Mbona ni tone tu?"

"Ndilo lililobaki."

"Usijali, dada," fundi alisema. "Kiwanda hakijafungwa."

"Adabu!" mama alimzaba kofi la bega, na wote watatu wakacheka.

Kiwanda kweli hakijafungwa, Mama Bakteria aliwaza, ila foleni ya mtambo haimsubiri mtu. Alichoma kizibo kwa sindano, akavuta majimaji yote, yaliyotosha tone moja tu, akayaweka kwenye kipande cha kioo na kukisukuma chini ya hadubini.

Mama aliinama. Akafumba jicho moja.

"Wanatembea," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Huyu anazunguka. Wale wanakimbizana. Na huu mzizi wetu wanaula?"

"Wanaukata, mama. Wa watu wengine niliowapima hadi sasa wameshindwa."

"Basi, mwanangu," alimgeukia fundi, "unaishi na umati wote huu na mimi unaniambia uko mpweke! Oa!"

Simu ikalia tena. "Uko wapi?" Kaka Mashine aliuliza. "Jioni inaingia, nimeshauwasha mtambo."

Mama Bakteria alitazama tone likianza kukauka pembeni. Wangecheza kwa dakika chache tu kabla hewa haijawaua.

"Mpe nafasi anayenifuata, kaka. Asante sana."

Akakata simu, akamsogezea fundi kiti. "Zamu yako. Fanya haraka, bado wako hai."