Asifundishwe na Mtu wa Nje

Mpira ulipita juu ya kichwa changu ukagonga ukuta wa gereji. Uliofuata ulichimba ardhi mbele yangu. Mwingine, nisingeinama, ungenitoa meno.

"Pole," akasema Nohemi, mdogo wangu.

"Pole ya nini? Leta mwingine."

"Lalia, huu mkono siujui tena. Naona kama wa mtu mwingine."

Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua, glavu mkononi. Mrushaji wa softiboli lazima awe na mtu wa kumdakia, na tangu serikali imfukuze baba yetu nchini, imrudishe kwetu Guatemala, mtu huyo ni mimi. Mama magoti yake yamekwisha kwa kusimama kiwandani kukata nyama. Mimi nakata nyama kiwanda hicho hicho, ila magoti yangu bado yapo. Nohemi hurusha kwa kuzungusha mkono kama gurudumu na kuuachia mpira pajani, na tangu utotoni mpira wake ulikuwa unafika pale pale alipoutuma. Ningeweza kuudaka nimefumba macho. Sasa katikati ya msimu, bila kuumia wala kuugua, mkono ukamkataa.

Na kocha wa chuo kimoja alikuwa anakuja kumtazama kwenye mechi ya wilaya, mwezi wa kumi. Akimpenda, Nohemi atasoma bure mpaka amalize. Asipompenda, kwenye mstari wetu wa nyama hakukosekani nafasi. Angesimama pembeni yangu, ndani ya baridi ile, na kisu chake.

Kocha wa shule ni kijana mwema lakini yeye alicheza besiboli, ambako mpira hurushwa kutokea juu ya bega. Kila Nohemi alipokosea alimwambia, "Tulia." Mtu aliyeujua mkono ule ni mmoja tu, Bi. Kucera, mama wa Kicheki mwenye shamba la mahindi nje ya mji. Ndiye aliyemfundisha kurusha tangu darasa la nne. Na Nohemi alipofanyiwa sherehe ya kutimiza miaka kumi na tano, baba hayupo, ndiye aliyemnunulia viatu vya kisigino. Kanisani, mbele ya watu wote, alipiga lile goti lake bovu, akamvua vile vya kitoto, akamvisha vile vya kikubwa. Kuanzia siku ile Mama hamwiti jina. Humwita comadre, yaani mama mwenzake kwa mtoto yule, naye huitika.

Tatizo lilikuwa sheria. Kabla msimu haujaanza, Bwana Lindquist, mkuu wa michezo wa shule, alitukusanya wazazi na ndugu akatusomea: mpaka msimu uishe, mchezaji asifundishwe mchezo wake na kocha wa nje. Mzazi anaruhusiwa, na ndugu anaruhusiwa. Wengine wote, hapana.

Jioni ile tulipoingia ndani, Mama alikuwa jikoni. Alimtazama Nohemi usoni, akanitazama mimi jinsi nilivyojaa vumbi.

"Nitamwita comadre," akasema.

"Mama, haturuhusiwi," Nohemi akajibu.

"Ndugu si wanaruhusiwa?"

"Ndugu wa damu."

"Walisema damu?"

"Hawakusema, lakini..."

"Basi. Aliyekupigia goti kanisani ni nani, mpita njia?"

Nohemi akacheka japo macho yalikuwa mekundu. "Mama, wewe ungekuwa wakili majaji wangekimbia."

"Wakimbie. Lalia, toa majani ya migomba kwenye friza. Siendi kwa comadre mikono mitupu."

Kule shambani Bi. Kucera alizipokea tamale za Mama, unga wa mahindi na nyama vilivyofungwa kwenye majani yale, akala moja amesimama, akatingisha kichwa. "Comadre, watu wa shule hawataelewa."

"Mimi naelewa. Kula nyingine."

Nilikuwa natafsiri, huku namtazama yule mama. Alikuwa anatafuna polepole, macho yake kwa Nohemi. Nilijua atakuja.

Mama hakutaka tujifiche. Alisema anayejificha ana kosa, na sisi kosa letu liko wapi? Kwa hiyo ilikuwa Jumapili baada ya misa, jua likiwaka, kwenye uwanja wa kanisa, barabara kuu iko pale pale. Nilikaa kwenye ndoo. Bi. Kucera alisimama kando akiutazama ule mkono, Nohemi akirusha hovyo, mara kwenye ua, mara kwenye matairi ya gari la padri.

"Unaukaba," akasema mwishoni. "Huyo ni mpira, si kuku wa sikukuu. Weka chini. Rusha mkono mtupu."

Akarusha mkono mtupu. Akaambiwa arudie akiwa amefumba macho. Akaambiwa arudie huku anaimba, akaimba wimbo wa kitoto kwa sauti ya kutetemeka, watu waliokuwa wanatoka kanisani wakawa wanatucheka. Halafu Bi. Kucera, bila kumkatiza wimbo, akamtia mpira kiganjani.

Ulilia ndani ya glavu yangu kama mlango uliobamizwa. Mama akafanya ishara ya msalaba.

Mechi iliyofuata Nohemi alirusha kama zamani, tukashinda. Kabla hatujamaliza kufurahi, shule ikapiga simu. Baba wa mrushaji wa akiba alikuwa amepita na gari lake Jumapili ile, akasimama, akachukua video.

Ofisini kwa Bwana Lindquist tulikuwa watano. Yeye mwenyewe, Mama, Nohemi, mimi, na Bi. Kucera karibu na mlango, koti mapajani. Nohemi alikatazwa kutafsiri kwa sababu kesi ni yake, kwa hiyo kazi ikaniangukia mimi, na Kiingereza changu ni cha kiwandani.

Bwana Lindquist hakuwa mtu mbaya. Alitazama video, akaifunga. "Mimi sitaki kumtoa huyu binti," akasema. "Nisaidieni nimsaidie. Video haina sauti. Bi. Kucera alikuwa anapita, akaona watu anaowajua, akasimama kuwasalimu. Watu husimama. Mkiniambia ni hivyo, tumemaliza."

Chini ya meza mguu wa Nohemi ukakanyaga wangu.

Kabla sijamtafsiria Mama, Bi. Kucera akasema, "Ni hivyo. Nilikuwa napita tu. Hawa si watu wangu."

Mama akageuka. Maneno hayo aliyaelewa bila mimi, lakini aliniuliza hata hivyo. "Amesema nini?"

"Amesema alikuwa anapita, Mama."

"Na kingine?"

Nikamtazama Nohemi.

"Lalia. Amesema nini kingine?"

"Amesema sisi si watu wake. Anatusaidia, Mama. Anamsaidia Nohemi. Tuseme ndiyo, twende nyumbani."

Bi. Kucera alikuwa anatazama koti lake. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Mama, nakuomba," Nohemi akasema kwa lugha yetu, haraka haraka. "Sema ndiyo. Neno moja tu. Kesho nitamwomba msamaha mwenyewe, nitapiga magoti."

"Ukimkana mtu aliyesimama nawe mbele ya Mungu, unabaki na nini?"

"Nabaki na chuo!"

Bwana Lindquist alitutazama, hakuelewa, akangoja. Mama hakuningoja mimi. Alinyoosha kidole kwa Bi. Kucera, akatumia Kiingereza alichonacho, kile cha kuombea chumvi dukani.

"Huyu familia," akasema. "Huyu anafundisha. Mimi nimemwita."

Bwana Lindquist akavua miwani. Nohemi akalaza kichwa mezani kama mtu aliyepigwa.

Hukumu ilikuja siku ile ile. Ushindi wetu ukafutwa, na Nohemi asirushe tena mpaka msimu uishe. Nyumbani hakumsemesha Mama. Alikula amesimama, akalala na viatu. Mama naye alikwenda kiwandani na kurudi, akimwekea chakula mezani, akikitoa kikiwa baridi.

Siku ya mechi ya wilaya upepo ulikuwa unakata. Nohemi alisimama nje ya wavu na nguo za kawaida, mimi pembeni yake, glavu kwapani na mpira ndani yake. Yule mrushaji wa akiba, mtoto wa kidato cha kwanza, alikuwa anarusha pembeni, na kwa makosa hayo wapinzani wanasonga mbele bure, mmoja baada ya mwingine, huku analia. Kocha wa chuo alikuwepo, mwanamke mrefu mwenye kofia, kwenye kiti chake cha kukunja. Aliuliza mtu kitu. Akajibiwa. Akakunja kiti.

Nohemi akakimbia, nami nyuma yake, mpaka kwenye maegesho.

"Kocha! Kocha, samahani, mimi ndiye..."

"Nakujua." Yule mwanamke alikuwa anatafuta funguo, hamtazami. "Pole sana, binti. Siruhusiwi kukujaribu hapa. Hata kuongea hivi siruhusiwi. Na mimi nina sheria zangu."

"Mara moja tu. Usiseme kitu, utazame tu."

"Siwezi."

Akaingia garini, akafunga mlango.

Nilimpa Nohemi mpira, nikachuchumaa kati ya magari mawili, nikavaa glavu. Alinitazama kama hanijui, halafu akaelewa. Akarudi nyuma mpaka umbali ukatosha, akazungusha mkono. Mpira ukaja pale pale, kifuani pangu, na sauti yake ikawageuza watu waliokuwa getini. Gari lilikuwa linarudi nyuma taratibu.

"Ameona?" Nohemi akauliza.

Kutoka pale chini niliona kisogo cha kofia tu, na taa nyekundu zikielekea barabara kuu.

"Lalia, ameona?"

"Rusha mwingine," nikamwambia.

Akarusha.