Kompyuta Iliyohamia Runingani

Mama mkwe alikuwa ameishi nyumba moja na mkwe wake tangu harusi, lakini kazi ya yule binti hasa ni ipi, hakuijua. Aliambiwa ni mchora ramani za majengo. Haya, akaitikia. Alichokiona yeye ni mgongo wa kompyuta mpakato, na nyuma yake mtu aliyekunja ndita, akibonyezabonyeza kutwa.

"Anaandikiana na watu tu," alimwambia mwanawe, seremala. Mwanawe alicheka, akaendelea kunoa randa. Aliyebanwa kati ya mama na mke hana ulimi.

Asubuhi moja mjukuu, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusimama, alitafuta kitu cha kushika akaona waya wa chaji. Akauvuta. Kompyuta ikatoka mezani mzimamzima, ikatua sakafuni, paa! Walipoiinua, kioo kilikuwa cheusi tii, nyufa zimetambaa pembe hadi pembe.

Mama mkwe alimnyakua mtoto, akajiandaa kwa makelele. Hayakuja. Mkwe wake alipiga magoti, akatega sikio.

"Mzima huyu," alisema.

"Mtoto au kompyuta?"

"Wote, mama. Feni inazunguka. Macho ndiyo yamekufa, akili iko."

Akampigia simu fundi. Fundi akasema kioo cha aina ile lazima kiagizwe, na kuagiza ni mwezi. Ramani ya zahanati aliyokuwa akiichora ilitakiwa wiki hiyohiyo. Binti alishukuru, akakata simu, akageuka kuitazama runinga ya sebuleni, ambamo tamthilia ya mama mkwe ilikuwa imefika patamu.

"Mama, naomba uniazime."

Mama mkwe alisonya kidogo, akampa rimoti.

Binti alichomeka waya mmoja tu, kutoka kompyuta hadi runinga. Giza. Akaandika neno la siri bila kuona hata herufi moja, kisha akabonyeza vitufe viwili vya kuhamishia picha kwa pamoja, taratibu, kama mtu apapasaye swichi katika chumba anachokijua. Runinga ikawaka, imejaa mistari.

"Makubwa!" mama mkwe alisema.

Seremala aliporudi alikuta bisibisi yake iko kazini. Mkewe alikuwa anaking'oa kile kioo kibovu, na skrubu amezipanga kwenye kisahani. Alifika kwenye nyaya mbili nyembamba kama uzi, akasita.

"Hizi tusizikate," alimwambia mumewe. "Zimepita pembeni mwa kioo, lakini ndizo zinazoshika mtandao. Nichongee kibao nizibandike hapo. Na chini uache matundu, kompyuta ipumue."

Seremala alichonga jioni ileile, akapiga na msasa. Wakaunganisha kibodi na kipanya vilivyokuwa vimelala kabatini, na kompyuta ya mapajani ikawa ya mezani.

Kesho yake mama mkwe aliketi sebuleni, mjukuu mapajani, akitazama kuta zikisimama kwenye runinga yake.

"Hapo wapi?"

"Chumba cha kujifungulia."

"Mbona mlango mpana hivyo?"

"Machela igeuke bila kumgonga mzazi ukutani. Tazama." Binti akausogeza ukuta kwa kidole kimoja, madirisha yakaufuata, na vipimo vyote vikajirekebisha vyenyewe.

Mama mkwe alijipapasa kiwiko. Mwenyewe aliwahi kubebwa kwenye machela, na ukuta aliugonga.

"Kumbe unajenga, mwanangu! Na mimi nikikusema huku nyuma kwamba unaandikiana na watu."

"Nilikuwa nasikia, mama," binti alijibu, na wote wawili wakacheka mpaka mtoto akashtuka.

Ramani ilifika kwa wakati, ikapita bila kurudishwa. Kioo hakikuagizwa tena. Seremala alimletea mama yake runinga ndogo ya mtumba, akamwekea chumbani. Mchana, lakini, chumbani hakai: utamkuta sebuleni, miwani puani, akiuliza ngazi itapita wapi.